Samaki Asiye na Kichwa

Kwetu ukitaja DNA, watu hawawazi maabara. Wanawaza ugomvi wa nyumbani: baba katia shaka, mama analia, mtoto kanyamaza, na majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali yanasubiriwa kama hukumu. Nimeandika habari za aina hiyo zaidi ya mara moja. Basi nilipokutana kwa mara ya kwanza na habari za watu wanaopima DNA ya samaki, nilicheka. Samaki naye anatafutiwa baba?

Hapana. Anatafutiwa jina.

Mwaka 2008 wasichana wawili wa sekondari jijini New York walikusanya vipande 60 vya samaki kutoka kwenye migahawa na maduka ya mitaa yao, vikapelekwa kupimwa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Hicho ndicho chuo ambako Paul Hebert na wenzake walipendekeza, mwaka 2003, kwamba kipande kifupi cha jeni moja, chenye herufi 650 hivi, kinatosha kumtambulisha karibu mnyama yeyote, kama ile mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti ya sabuni. Unakata mnofu kidogo, unatoa DNA yake, unaizalisha nakala nyingi, unaisoma, kisha unailinganisha na kumbukumbu za samaki wanaojulikana. Kati ya vipande vilivyotambulika, robo vilikuwa vimeuzwa kwa jina la uongo. Kimoja kilichoitwa jodari mweupe kilikuwa perege wa Msumbiji.

Hebu fikiria. Perege, ndugu wa yule tunayemkaanga na kumlia ugali, ameketi kwenye sahani ya sushi mjini New York, anaitwa jodari, na bei yake ni ya jodari. Asili yake ni mito ya huku kwetu kusini, Zambezi ikiwemo, ingawa siku hizi anafugwa sehemu nyingi za dunia.

Miaka mitano baadaye shirika la Oceana likatoa matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi: sampuli 1,215 kutoka majimbo 21 ya Marekani, na theluthi moja zilikuwa na jina lisilo lake. Kati ya sampuli 120 za red snapper, yule samaki mwekundu anayependwa sana kule, 7 tu ndizo zilikuwa za kweli. Wengi waliouzwa kama jodari mweupe walikuwa samaki aitwaye escolar, ambaye mafuta yake yanaweza kumharisha mlaji vibaya, na ambaye Japani imepiga marufuku kuuzwa. Kwa hiyo si suala la kupunjwa hela tu. Jina likidanganya, tumbo linaweza kulipa.

Nimekulia Mwanza, na ndiyo maana habari iliyonigusa kuliko zote ni ya Hispania. Huko vipimo vya maabara vimewakuta sangara wakiuzwa kwa jina la chewa. Sangara! Samaki aliyetujengea viwanda vya minofu pembezoni mwa ziwa, anayepakiwa kwenye barafu na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Anaondoka hapa bila kichwa, bila ngozi, bila mfupa. Akifika kule, anapewa jina la tajiri.

Sisi tulibaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Wenzetu wa Kisumu wanayaita mgongo wazi. Mengi yameandikwa kuhusu aibu ya mapanki, na sitaki kuipamba. Ila kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa: maskini wa Mwanza alikula mfupa, lakini alijua anakula mfupa wa nani. Kichwa kilikuwa pale pale, kinamtazama. Aliyelipa bei kubwa Hispania ndiye aliyekula asichokijua.

Mwaka juzi, kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam, menyu iliniahidi minofu ya chewa. Ilipokuja ilikuwa meupe, mikubwa, na ladha yake niliijua tangu utotoni. Nikamwita mhudumu.

"Kaka, huyu ni chewa kweli?"

"Ndiyo dada, chewa."

"Kichwa chake kipo?"

Akacheka. "Anakuja ameshakatwa, dada. Kwenye boksi."

Ulimi si maabara, kwa hiyo siwezi kumshtaki mtu. Na yule kaka wala hakuwa mwongo. Alinisomea jina lililoandikwa kwenye boksi, kama aliyemuuzia tajiri wake alivyolisoma. Hivyo ndivyo uongo huu unavyosafiri: unapita kwenye mikono mingi ya watu wakweli.

Je, maabara ingemaliza kesi? Hii ndiyo, nyingine siyo. Chukua sato waliogandishwa wanaotoka China, waliozua ugomvi mkubwa na wavuvi wa Kenya. Wanaponunuliwa kwa bei rahisi na kuuzwa kama samaki wa ziwani, mvuvi aliyekesha majini anakosa mnunuzi. Ukiwapeleka kwenye kipimo, jibu litakuwa: sato. Na ni kweli, kwa sababu ni spishi ile ile. Kipimo hiki kinajua samaki ni nani, lakini hakijui alilala ziwa gani. Tena jeni hiyo hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo samaki chotara wa bwawani atatajwa kwa jina la mama tu. Nyie mlioanza kucheka na mimi pale juu, hapo baba kweli hajulikani.

Halafu kuna ngege. Ngege mwenyewe, yule wa zamani wa Ziwa Victoria, ni spishi ya peke yake. Miaka ya 1950 akaletwa sato, na sangara naye akaja katika miaka hiyo hiyo. Leo ngege wa asili karibu ametoweka katika ziwa lenyewe. Amejificha kwenye vijiziwa vya pembeni. Lakini nenda Kisumu uagize ngege, utaletewa, na aghlabu atakuwa sato. Hapo hakuna mwizi. Hakuna aliyebadilisha karatasi usiku. Samaki aliondoka, jina likabaki, likamwangukia aliyekuwepo.

Hilo ndilo linaloninyima raha, labda kwa kuwa kazi yangu ni maneno. Uongo wa mfanyabiashara unaweza kupimwa na kushtakiwa. Ulaya sheria ya mwaka 2013 inataka samaki anayeuzwa aandikwe hata jina lake la kisayansi, na sioni kwa nini sisi tunaouza minofu tusidai hivyo hivyo kwenye sahani zetu. Lakini jina la ngege halihitaji sheria. Linahitaji mtu anayekumbuka kwamba liliwahi kuwa na mwenyewe.

Mama yangu hadi leo hanunui minofu. Hufunua mashavu ya samaki, hutazama wekundu, husugua magamba kwa kidole, kisha humwambia muuzaji jina kabla hajaambiwa. Ana miaka 67. Ujuzi huo haujaandikwa popote, na mimi naweza kuutumia kwa samaki wanne tu. Jumamosi hii naenda naye sokoni, na safari hii nabeba daftari.