Ndiyo, Niliacha Biashara ya Picha Ikiwa Bado Inalipa

Wacha nijibu hili swali mara moja, ndio nisiendelee kulijibu kwa inboksi ya mtu mmoja mmoja. Ndiyo, niliacha kupiga picha za harusi. Hapana, biashara haikuanguka. Kamera haikuibiwa, wateja hawakunikimbia, na Desemba, kabla nianze kufunga, niliingiza pesa nyingi kuliko mwezi wowote tangu nianze. Hapo ndipo watu hukwama. Ukisema biashara imekufa wanakupa pole na wanaendelea na shughuli zao. Ukisema iko hai na umetoka, wanakuangalia kama mtu mwenye ameacha pilau kwa sufuria akaenda kulala njaa.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya hii kazi, kwa hivyo naelewa vile inakaa. Nyumbani, picha ndizo zilikuwa cheti changu. Mamangu alikuwa ameanza kuwaambia wenzake wa chama ati kijana wake ana ofisi, na ofisi yenyewe ilikuwa laptopu juu ya kitanda. Nilipomwambia nafunga hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa wewe utaitwa nani?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Hebu niwape hesabu, maana watu huona bei tu. Harusi moja nilichaji shilingi 60,000. Inakaa ni pesa ya siku moja. Lakini hiyo siku inaanza saa kumi na moja asubuhi kwa kina bibi harusi akipakwa vipodozi, na inaisha saa nne usiku, MC akiwa bado anawaita watu wa upande wa bwana harusi wacheze mara ya mwisho. Unarudi na picha karibu 3,000. Kuchagua, siku nzima. Kusafisha rangi, siku tatu au nne. Kisha shangazi anataka apunguzwe tumbo, na bibi harusi anauliza saa saba usiku kama kuna ingine mwenye amefungua macho. Toa ya msaidizi, toa mafuta ya kwenda Murang'a na kurudi, toa kadi na betri. Kinachobaki bado ni pesa nzuri, sikatai. Shida ni kwamba msimu ukifika ilikuwa harusi Jumamosi, ruracio Jumapili, mahafali katikati ya wiki, na kila siku ya kulala ilikuwa na bei. Nikipumzika Jumamosi moja, nimetupa 60,000. Ukishaanza kujihesabia hivyo, huwezi kulala hata ukiwa umelala.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika kila wiki na siku 21 za likizo kila mwaka. Sheria poa kabisa. Sasa wewe mwenye umejiajiri, nenda ukaombe likizo. Bosi ni wewe, na huyo bosi ana kodi ya nyumba tarehe 5. Tumeambiwa tujiajiri tangu tukiwa wadogo, kwa mikutano ya wanasiasa, kanisani, kila mahali. Hakuna mtu nilimsikia akisema mwenye kujiajiri anapumzika lini.

Wengi wameniambia ningepandisha bei. Nilipandisha, kutoka 35,000, na simu zikaongezeka. Ningeajiri watu? Niliajiri. Wateja walisema, "Tunataka wewe mwenyewe."

Cucu yangu alipofariki mwaka jana, familia haikuuliza nani atapiga picha. Nilipiga. Nilizunguka kaburi nikitafuta mahali jua halitanisumbua. Mamangu akapiga magoti akalia, nami nikapunguza mwanga, nikabonyeza, nikaangalia kama imetoka vizuri. Ilikuwa imetoka vizuri sana. Nina picha 900 za hiyo siku na sikumbuki nikirusha udongo. Nilimuuliza binamu yangu baadaye, akaniambia sikurusha, nilikuwa nimesimama juu ya kiti.

Baada ya hapo nilianza kujiona. Watu wanaapa mbele yangu, baba mtu mzima analia, na mimi nawaza tu wamalize niende. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza huku kuchoka na kazi kwenye orodha yake. Halikuita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa: nguvu zinaisha, kazi unaanza kuichukia au kujitenga nayo, na unaona huwezi tena kuifanya sawasawa. Nilikuwa nazo mbili za kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa inanidanganya, kwa sababu picha zilikuwa bado kali, na watu walikuwa wanasifu.

Nilimaliza kazi zote nilizokuwa nimepokea hadi Aprili. Wawili wa Agosti niliwarudishia pesa kwa M-Pesa, mmoja akanitukana, sawa tu. Nilihama Roysambu nikaingia bedsita huko Githurai. Hizi posti na video zinaniletea chini ya robo ya nilichokuwa naingiza, na kuna wiki nakula sukuma siku tano. Kamera moja nimebaki nayo, na sijaigusa.

Ile ingine na namba za wateja nilimwachia aliyekuwa msaidizi wangu. Anafanya vizuri. Juzi nilimpigia nikamwambia ajiwekee Jumatatu bila kazi, hata iweje. Akacheka, akasema, "Bro, Jumatatu ndio naeditia za Jumamosi." Niliposkia kelele nyuma yake nikamuuliza yuko wapi. Alikuwa kwa matatu akienda Nyeri kupiga mazishi.