Si Mbao, Ni Programu Yangu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa cha programu ya zamani niliyoiandika mwenyewe, ambayo nusura imuue binamu yangu.

Msimu wa baridi wa 2022/2023 nilikuwa Utah, Marekani, kwa mkataba wa kazi wa miezi mitano. Binamu anaishi karibu na Salt Lake City. Ni seremala, na ameteleza kwenye theluji kwa zaidi ya miaka kumi. Mkenya akitajwa pamoja na skii, wengi humkumbuka Philip Boit, aliyetuwakilisha kule Nagano mwaka 1998. Binamu hajafika huko, lakini akiwa mlimani yuko kwake.

Msimu ule theluji ilianguka bila huruma. Kituo cha Alta, juu milimani, kilipata inchi 903, karibu mita 23, rekodi yake. Theluji ya huko ni kavu na nyepesi kama unga. Ukivua skii unazama hadi kiunoni. Skii nyembamba nazo huzama. Unahitaji pana, tena zenye pua inayopinda kwa urahisi ili ipande juu kama mtumbwi kwenye wimbi. Aliyewafungua watu macho kuhusu jambo hili ni Shane McConkey, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alibuni skii zilizopinda kama mashua, akiiga zile za kutelezea majini.

Binamu akaniambia, "Ya nini kununua? Mimi nina mbao, wewe una tarakilishi."

Skii imeundwa kama sandwichi. Katikati kuna ubao. Sisi tulitumia popla. Juu na chini ya ubao kuna kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Chini kabisa kuna plastiki inayoteleza, na pembeni kingo za chuma. Vyote hubanwa kwenye kalibu hadi gundi ikauke. Sisi tulibana kwa mpira wa zimamoto tulioujaza hewa, na gereji ikanuka gundi wiki nzima.

Kazi yangu ilikuwa kukokotoa unene wa ubao kutoka puani hadi mkiani. Hapo ndipo penye hesabu, kwa sababu ukiongeza unene wa ubao maradufu, ugumu wake haupandi mara mbili bali mara 8. Niliandika programu jioni mbili, nikachora grafu nzuri, na binamu akaranda ubao kwa vipimo vyangu.

Skii zilipokauka tulizijaribu palepale gerejini. Tuliegemeza ncha zote mbili juu ya viti, tukaning'iniza kilo 10 katikati. Programu ilisema itabonyea milimita 70. Ikabonyea 40.

Wasomaji, hapa ndipo nilipokosea. Niliiangalia ile 40 na nikajua kuna kitu hakiko sawa. Lakini grafu ilikuwa nzuri, na shahada ya sayansi ya kompyuta ni yangu. Nikasema, "Labda mbao hizi ni ngumu kuliko kawaida."

Binamu akagusa ubao uliobaki kwa ukucha. "Popla hii? Hii ni laini, kaka. Naijua."

"Basi ni gundi," nikajibu. Akanyamaza. Aliniamini.

Jumamosi tukapanda mlimani. Usiku kulikuwa kumeanguka theluji mpya. Yeye akatangulia na skii zetu, mimi nikafuata taratibu na za kukodi. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikuwa raha tupu, vumbi jeupe likimrukia kifuani. Mzunguko wa nne ukampeleka karibu na miti. Badala ya kupanda juu, pua ya skii ya kushoto ilichimba kama jembe. Binamu akapinduka kichwa mbele, akatoweka.

Chini ya matawi ya misonobari theluji huwa haijashikana, na kuna shimo usiloliona. Mtu akiingia humo kichwa chini hawezi kujitoa, na theluji humziba pumzi. Nilipomfikia niliona skii moja tu ikitikisika. Nilichimba kwa mikono. Nadhani hazikupita dakika mbili, lakini hata leo siwezi kuwaeleza urefu wake. Nilipofikia uso wake alikohoa, akatema theluji, akavuta pumzi ndefu.

Neno lake la kwanza: "Si mbao, kaka."

Usiku huo nilifungua msimbo. Mdudu alikuwa kwenye mstari mmoja. Nilikokotoa ugumu wa kila tabaka kana kwamba limelala peke yake, nikasahau umbali wake kutoka katikati ya skii. Faibaglasi ni nyembamba, haifiki milimita moja, ndiyo maana programu iliiona kama si kitu. Lakini iko juu kabisa na chini kabisa, na mchango wake hukua kwa mraba wa umbali huo. Niliporekebisha, programu ikasema milimita 41.

Jibu lilikuwa kwenye viti viwili gerejini siku zote. Mimi ndiye nilibadilisha maelezo badala ya kubadilisha programu.

Nilimweleza binamu kila kitu, pamoja na kwamba nilikuwa na shaka na nikanyamaza. Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akanipigia simu kuuliza unene mpya. Jozi ya pili tuliipima gerejini mara tano kabla ya kuipeleka popote, na mlimani pua yake ilipanda juu. Howard Head, mhandisi wa ndege aliyeanza kutengeneza skii za chuma mwaka 1947, alivunja jozi nyingi kabla hajapata inayodumu. Tofauti ni kwamba yeye hakuzisingizia mbao.

Siku hizi, kipimo kikipingana na programu yangu, naanza na programu. Na mwenye kuijua mbao akisema ni laini, naacha kuandika nimsikilize.

Je, wewe umewahi kuitetea hesabu yako ukijua imekosea? Tukutane tena wiki ijayo.