Kile Kidude

Siku ba'mdogo alipofariki tulitafuta picha yake ya kuweka kwenye kundi la WhatsApp, tukapata moja tu, ile ya kadi ya kupigia kura. Si ndugu wa damu. Alikuwa fundi mwenzake baba, cherehani kwa cherehani kwenye kibaraza kimoja Kariakoo, tangu kabla sijaanza shule.

Na mimi kamera ninayo. Nikon D90 na lenzi yake ya 18-105, mzigo unaopita kilo moja. Siku zote hizo ilikuwa kabatini, nimeivingirisha taulo isiingie vumbi.

Niliitoa kwa harusi na safari. Kwenda nayo kazini, hapana; daladala ya Gongo la Mboto alfajiri si mahali pa kukumbatia mkoba wa kamera. Mara moja niliipeleka kibarazani. Mafundi wote waliacha kushona, wakakaa wima kama wanapigwa picha ya pasipoti, na mteja mmoja akaniuliza natoka gazeti gani. Ba'mdogo alikwenda kuswali. Nikajiambia nitampiga siku nyingine.

Baada ya arobaini nikaamua kuiuza, nitafute ndogo ambayo bado inabadilishwa lenzi. Baba alitaka kujua wameipunguzaje. Nikamweleza kwamba ndani ya kamera kama yangu kuna kioo kinachopeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia, na kioo kinahitaji nafasi ya kunyanyuka. Kwenye Nikon yangu, kutoka pete ya lenzi hadi kwenye sensa ni milimita 46.5. Mwaka 2008 Olympus na Panasonic walipotangaza mfumo wao wa Micro Four Thirds, kioo kiliondolewa, na nafasi hiyo ikashuka chini ya milimita 20. Baba alivuta tepu shingoni, akapima sentimita nne na nusu kwenye kitambaa, akakunja, akapima mbili.

"Wameibana kiuno," akasema, akaendelea na kazi.

Mwishoni zilibaki mbili, zote zimetumika: Sony a6000 na Olympus OM-D E-M10 Mark II. Sony ina sensa kubwa zaidi, megapikseli 24 kwa 16, na kwa wiki tatu nilikuwa wake. Usiku nilikuza picha za majaribio, kuta za matofali za miji nisiyoijua, nikikagua kona kana kwamba nataka kununua ukuta. (Wapenda kamera mnaujua ugonjwa huu.) Olympus nayo inatuliza sensa mkono ukitikisika. Lakini utulivu huo ni wa mkono wangu. Hausaidii mkono wa baba unaovuta uzi. Mkono unaokwenda unataka lenzi inayofunguka sana. Hela yangu ilitosha Sony na lenzi yake ya kawaida, ambayo kwa pamoja ilikuwa nyepesi zaidi, au Olympus na lenzi ya 25mm yenye f/1.8.

Muuzaji alikuwa mitaa miwili tu kutoka kwa baba, akakubali kuja nazo. Baba alizipima viganjani moja moja kama anayechagua maembe.

"Ipi inaona gizani?"

Nikamwonyesha Olympus.

"Chukua hiyo. Mchana kila mtu anaona."

Siku ya tatu nilipita jioni, taa moja imeshawashwa, kazi za Idd zimejaa hadi kwenye kiti cha ba'mdogo. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kipande cha khanga. Niliketi, nikainua skrini ya nyuma nichungulie kutoka mapajani, nikapiga kumi na moja. Hakuna aliyeacha kushona. Nyingi niliziharibu: kwa f/1.8 ukikosea kidogo, bomba la cherehani linakuwa kali na uso wa baba unakuwa moshi. Moja ilitoka. Baba ameinamia shingo ya kanzu nyeupe, na nyuma yake ile khanga.

Akaiomba. Nilidhani anataka kujiona. Nikakuza uso wake, akanisukuma kidole.

"Shuka. Hapo, shingoni."

Mshono ulikuwa umeacha mstari, umepanda kwa unene wa punje ya mchele, kisha umerudi. Aliitazama skrini, akaitazama kanzu yenyewe mkononi, akaisogeza kwenye taa, akairudia skrini. Kisha akachukua wembe akaanza kufumua, kimya.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

Kanzu tatu zilikuwa zimekwisha kukunjwa na kufungwa tayari kwa wenyewe. Alizifungua zote. Sikuambiwa nipige, nikapiga shingo moja baada ya nyingine, nikamkuzia, naye akitia chaki.

Kesho yake saa nne alinipigia simu ofisini. Baba hanipigii saa za kazi. Aliuliza natoka saa ngapi, na kama nimekuja na kile kidude.

Kilikuwa mezani, kando ya chai yangu.