Usimwache Adui Apumue

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na ile video uliyojirekodi ukipigana na bosi Genichiro juu ya kasri la Ashina nimeitazama zaidi ya mara moja. Umeniuliza uongeze silaha gani ili umshinde. Nimeona nikujibu kwa barua, uisome taratibu, kisha uirudie ukiwa umekaa mbele ya TV.

Silaha unayo. Ukiacha ujuzi mmoja nitakaokutajia mbele, hakuna unachokosa. Kinachokuangusha ni kukimbia.

Unampiga panga moja, unaruka nyuma. Anakufuata, unauzunguka uwanja mzima. Unakunywa dawa ya kibuyu, unangoja amalize vishindo vyake, unampiga panga jingine, unakimbia tena. Ndivyo ulivyojifunza kwenye Dark Souls, na kule ilikufaa. Lakini Sekiro: Shadows Die Twice, gemu ambayo FromSoftware waliitoa mwaka 2019, imejengwa makusudi ili mchezaji wa namna hiyo asifike popote. Aliyeiongoza ni Hidetaka Miyazaki, yuleyule aliyeongoza Dark Souls ya kwanza, kwa hiyo alijua vizuri kabisa ni mazoea gani anayavunja.

Macho yako yote yako kwenye mstari wa uhai. Tazama ule mwingine, mstari wa manjano unaochipuka katikati ya skrini na kutanuka pande zote mbili. Huo ni mstari wa msimamo. Wewe unao chini, bosi anao juu. Kila panga linalompata, na kila pigo lake unalolipangua kwa wakati wake, mstari wake unatanuka. Ukijaa, msimamo unavunjika, anapepesuka, anabaki wazi, na alama nyekundu inatokea kifuani pake. Hapo panga moja linamaliza duru hiyo, hata kama uhai ulikuwa umebaki mwingi. Hiyo ndiyo njia ya kuua katika gemu hii. Kumchubua uhai kidogo kidogo mpaka uishe kunawezekana, ila utazeeka juu ya lile kasri.

Sasa fikiria kinachotokea ukikimbia. Mstari wa msimamo haubaki ulipouacha. Unarudi nyuma wenyewe, sekunde kwa sekunde, maadamu hakuna anayemsumbua mwenye nao. Zile hatua zako kumi za kuzunguka uwanja ni mapumziko unayomzawadia. Na kwa Genichiro ni vibaya zaidi, maana ukimpa umbali anatoa upinde. Mishale iliyokuwa ikikutoboa kila ulipoinua kibuyu ulijiletea mwenyewe kwa kusimama mbali.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kasi ya msimamo wa adui kurudi inategemea uhai aliobaki nao. Akiwa mzima, unarudi upesi. Akishajeruhiwa, unarudi kwa taabu. Kwa hiyo mwanzoni mwa pambano tafuta damu, panga la kweli mwilini, hata kama msimamo wake unaonekana kupona kila mara. Uhai ukishafika nusu au chini ya hapo, kila unachokipangua kinakaa. Hapo ndipo unapomkaba na kutomwachia tena. Mchezaji asiyejua hili huona ameshambulia kwa nguvu dakika tatu bila faida, akakata tamaa na kurudi kwenye kukimbia kwake, kumbe alibakiza kidogo tu.

Usije ukanielewa kwamba ukali ninaousema ni kubonyeza vitufe kama mtu anayepigana na nyuki. Nimeona pia kipande kile mwishoni mwa video, ulipokasirika ukawa unabonyeza L1, kitufe cha kinga, mfululizo ukitumaini mojawapo itapatia. Gemu inalijua hilo. Ukibonyeza kinga harakaharaka, ule muda mfupi unaohesabiwa kuwa umepangua sawasawa unazidi kufupishwa, mpaka unabaki umekinga tu, na msimamo wako mwenyewe ndio unaovunjika. Bonyeza mara moja kwa kila pigo. Ukikosea, shikilia kitufe, usikiachie, maana kukishikilia kunaurudisha msimamo wako upesi kuliko ukikiacha. Na upanguaji uliotimia kwa wakati hauwezi kukuvunja hata mstari wako ukiwa umejaa pomoni. Soma tena sentensi hiyo. Ina maana kwamba hata ukiwa ukingoni kabisa, palipo salama kuliko pote ni mbele ya panga lake, mradi mkono uwe na saa.

Sikio litakusaidia kuliko jicho. Kupangua kwa wakati kuna mlio wake, chuma safi kinacholia na cheche kubwa. Kukinga kwa kawaida kunatoa mlio mzito uliofifia. Na Genichiro naye anapangua. Unampiga moja, mbili, kisha panga lako linasukumwa pembeni kwa ule mlio mkali. Hiyo ni zamu yake, acha kushambulia papo hapo na ujiandae. Kule Lamu wacheza kirumbizi huingia ulingoni na bakora zao huku ngoma ikipiga, na anayejua hachezi nje ya ngoma. Pambano hili lina ngoma yake ya namna hiyo, na ukishaisikia hutaona tena kwamba unashambuliwa na kushambulia kwa zamu mbili tofauti. Utaona ni wimbo mmoja mnaouimba wawili.

Jambo hili la kumsogelea adui ili ujikinge halikuanza na Sekiro, na napenda ulijue asili yake. Mwaka 1997 Capcom walitoa Street Fighter III. Kabla ya hapo, kujikinga katika gemu nyingi za ngumi kulikuwa kuvuta kijiti nyuma, kumkwepa mwenzio. Wao wakaweka njia ya pili: sukuma kijiti mbele, kuelekea kwa adui, wakati uleule pigo linapofika. Ukipatia, hupotezi chochote na unapata nafasi ya kumrudishia. Ukichelewa au ukiwahi, pigo lote ni lako.

Miaka saba baadaye, kwenye mashindano ya Evo ya 2004 huko Pomona, California, Daigo Umehara wa Japani alikuwa akimchezesha mhusika Ken katika gemu hiyo dhidi ya Chun-Li wa Justin Wong, Mmarekani. Uhai wa Ken ulikuwa umebaki uzi tu. Kumbuka kwamba katika gemu zile mapigo maalumu hukumegua kidogo hata ukiwa umekinga. Maana yake kukinga kungemuua. Justin akaachia lile shambulio kubwa la Chun-Li, mateke kumi na tano mfululizo. Daigo akayapangua yote, moja baada ya jingine, kwa kusukuma kijiti mbele. Teke la mwisho akalipangulia hewani, akashuka na shambulio lake akamaliza raundi. Ukumbi ulilipuka, na kelele zile bado zinasikika kwenye video inayotazamwa mpaka leo. Hakutwaa ubingwa wa mchezo ule siku ile, fainali alishindwa. Lakini itafute video hiyo uitazame kwa jicho la mwanafunzi. Teke la kwanza linakuja upesi mno, mtu hawezi kungoja alione ndipo aamue. Daigo alijua litakuja kwa sababu alikuwa amemsoma mwenzake na kuona njia nyingine zote zimefungwa.

Miyazaki naye alikuwa ameshalijaribu wazo hili kwa sura nyingine kabla ya Sekiro. Bloodborne ya mwaka 2015 inakupa bunduki mkono wa kushoto, na risasi zake zenyewe haziumizi sana. Kazi yake ni kumkatiza adui katikati ya pigo, apige goti, uingie na umalize. Zaidi ya hapo, ukijeruhiwa unapewa muda mfupi wa kuurudisha uhai uliopotea, na unaurudisha kwa kumpiga adui. Anayerudi nyuma kuuguza kidonda anaupoteza. Anayesonga mbele anapona. Kwa maoni yangu hakuna wazo zuri kuliko hilo katika gemu za miaka hii, na Sekiro imelichukua ikaliweka kwenye kila pambano badala ya kuliacha liwe hiari.

Sasa Genichiro mwenyewe. Ile alama nyekundu ya hatari inapotokea juu ya kichwa chako usiruke ovyo kama unavyofanya. Inakuambia kwamba pigo linalokuja halikingwi kwa namna ya kawaida, na ni juu yako kutambua ni lipi. Ni matatu. La kudunga: songa mbele, ulikanyage panga chini kwa mguu. Huo ndio ujuzi niliosema, unaitwa Mikiri, na kama hujaununua kwa pointi zako basi ununue leo kabla ya kitu chochote. La kufyeka miguuni: ruka juu, kisha mkanyage kichwani, nako kunautikisa msimamo wake sana. La kukamata: hilo peke yake ndilo la kulikimbia. Genichiro ana tabia ya kuruka juu na kushuka na panga, na baada ya kushuka hufuata ama kudunga ama kufyeka. Lipangue lile la kushuka, halafu tazama mabega na panga lake. Ncha ikikuelekea ni kudunga, mwili ukiinama na panga likienda pembeni ni kufyeka. Ukishalitofautisha hilo, shambulio lililokuwa likikuua ndilo litakalokuwa linampepesua.

Nenda kajifunzie kwa Hanbei, yule mtu asiyekufa anayekaa kwenye hekalu bovu. Anakubali umpige na akupige kwa kadiri unavyotaka, bila kupoteza kitu. Ungekaa naye jioni nzima ungejifunza mengi kuliko kufa mara kwa mara kule juu. Na kabla ya kupanda kasri, fedha zako za sen zigeuze mifuko ya fedha kwa wauzaji, kwa sababu ukifa unapoteza nusu ya sen ulizoshika, lakini mifuko inabaki. Pointi ya ujuzi iliyokwisha kukamilika nayo haipotei.

Kuhusu fataki zako. Zinapumbaza, hilo ni kweli, na farasi wa yule bosi Gyoubu ulimwona jinsi alivyoshtuka. Lakini umezigeuza kuwa mahali pa kujificha: unarusha, unakimbia. Rusha ukiwa karibu na uingie na panga mara tatu nne ndani ya ule moshi. Adui aliyepumbazwa kisha akaachwa ameshapona.

Kuna mambo ya nje ya gemu pia. Ile TV yenu ya sebuleni inapamba picha kabla ya kuionyesha, na kuipamba kunachukua muda. Ingia kwenye mipangilio yake utafute hali ya gemu, uiwashe. Gemu nyingi huonyesha picha thelathini au sitini kwa sekunde, na mwanadamu huhitaji kama robo ya sekunde kuona kitu na kukijibu kwa kidole. TV ikikunyang'anya sehemu ya muda huo, unalaumu mkono usio na kosa. Mama yako pia kaniambia uliirusha pedi ukutani. Hilo silikubali. Mtu aliyekasirika huwahi; hangoji panga lifike, na kuwahi kunamuua sawasawa na kuchelewa. Ukiona vidole vimeanza kutangulia, zima, uende ukaswali, ukale, ukalale. Vidole hujifunza hata umelala, na asubuhi utashangaa kuona lililokushinda usiku limekuwa jepesi. Usicheze baada ya saa nne usiku siku za chuo. Nimemwahidi mama yako kwamba utalifuata hilo, na nakuomba usiniangushe.

Ukimvunja msimamo mara mbili usishangilie. Atavua deraya na kuinuka tena, safari hii na umeme. Utauona ukikusanyika kwenye silaha yake anaporuka. Silika itakuambia urudi nyuma au ukinge, na yote mawili yanaweza kukuunguza ukiwa chini. Ruka uwe hewani, ukubali ukupate, na kabla miguu haijagusa sakafu bonyeza R1, kitufe cha panga. Umeme wote unamrudia yeye, anaganda kwa maumivu, na huo ndio muda wako wa kumfikia. Mengine mengi anapiga kama alivyokuwa akipiga mwanzo, kwa hiyo kaa palepale karibu naye na uendelee kukisikiliza chuma.

Nitumie video ya pambano lijalo hata kama umeshindwa. Nataka kuona miguu yako imesimama wapi. Msalimie sana mama yako, na dada zako wote.

Wasalaam,
Mjomba wako