Mtu Mzima Asiyeumwa Ana Kliniki Gani?

Ukishatimiza miaka 40 hapa England, kuna siku barua inakuja nyumbani. Inatoka kituo cha daktari ulikojiandikisha, na inakuita ukapimwe ingawa huumwi popote. Mpango huu ulianza mwaka 2009. Unawahusu watu wa miaka 40 hadi 74 ambao hawajaambiwa kuwa na presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, na barua hurudi kila baada ya miaka mitano. Unapimwa presha, uzito, urefu na mafuta kwenye damu, unaulizwa habari za sigara, pombe na magonjwa ya ukoo, kisha unaelezwa una hatari kiasi gani ya kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Hulipi kitu.

Ukifika 50, posta inaleta na kifurushi. Ndani mna kichupa kidogo chenye kijiti. Unachukua haja kubwa yako kidogo tu kwa ncha ya kijiti, chooni kwako mwenyewe, unakirudisha ndani ya kichupa, unaandika tarehe na kukituma kwa bahasha iliyokwisha kulipiwa. Maabara inatafuta damu ambayo jicho haliioni, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya utumbo mpana. Baada ya miaka miwili kinakuja kingine, hivyo hivyo mpaka 74. Wanawake huitwa kupimwa mlango wa kizazi tangu miaka 25, na matiti tangu 50 hivi. Mwanamume akifika 65 anaitwa apigwe ultrasaundi ya tumbo, waangalie kama ule mshipa mkubwa wa damu umetanuka.

Hapa Leicester nimeziona bahasha hizi zikikaa juu ya friji za ndugu zetu hadi zikapauka. "Mimi siumwi, nikatafute nini huko?" Kauli hiyo tumekuja nayo kutoka nyumbani Tanzania, na sioni haki ya kumlaumu anayeisema. Kwetu hospitali huendwa mtu akishazidiwa. Kwenda mzima ni kujitafutia maradhi, na kuna foleni ya kutwa, nauli, pesa ya kufungua faili, na kazi iliyolala. Mama mwenye genge akifunga siku moja, jioni ya siku hiyo watoto wanaijua.

Lakini si kweli kwamba nchi yetu haijui kumwita mtu asiyeumwa. Inajua, na inaifanya kazi hiyo kila siku ya kazi, katika zahanati za vijijini kabisa. Nenda kliniki ya mama na mtoto asubuhi yoyote, Muheza au Kilosa. Mama mjamzito haumwi, ila amekuja. Ana kadi, na kwenye kadi kuna tarehe ya kurudi. Anapimwa presha, mkojo, wingi wa damu, VVU na kaswende. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, anameza SP ya kukinga malaria mbele ya nesi, anapewa chandarua. Akikosa kwenda, jirani anamuuliza kisimani, "Mwenzetu, kliniki vipi?" Mtoto akizaliwa naye anapata kadi yake, anapimwa uzito na kuchanjwa. Hakuna anayewaambia wanajitafutia ugonjwa.

Mtoto akimaliza miaka mitano, kadi inawekwa kabatini na mambo yanaishia hapo. Tangu siku hiyo mama yule hana tarehe ya kurudi popote. Baba hakuwahi kuwa nayo. Wote wawili wataonana na kipimo cha presha siku mmoja wao atakapodondoka shambani.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba katika watu wazima wa miaka 25 hadi 64, kama mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Presha haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka akibeba magunia, akicheza mpira wa maveterani, huku mishipa ya figo na ya ubongo inaharibika pole pole. Anayesubiri kichwa kiume ndipo apime, pengine hakitauma hata mara moja kabla ya kiharusi.

Mjomba wangu wa Tanga ni fundi seremala. Alikwenda hospitali kwa sababu ya jicho, wakampima presha wakaikuta iko juu sana, akaandikiwa amlodipini. Miezi baadaye nikampigia.

"Mjomba, dawa unameza?"

"Nilishamaliza dozi, mjomba. Niko fiti kabisa."

Alikuwa sawa kwa dawa zote alizozijua maishani mwake. Ya malaria unameza siku tatu, unamaliza, umepona. Ukiacha katikati unagombezwa. Kumaliza dozi ndiyo sifa ya mgonjwa mwema. Aliandikiwa vidonge 30, akavimeza 30, kwa uaminifu. Hakuna aliyemwambia kwamba hii ni dawa ya kila siku, na kwamba presha iliyoshuka imeshuka kwa sababu ya kidonge. Na amlodipini si dawa ya wakubwa. Miongozo ya Uingereza inaitanguliza kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwetu ipo kwenye maduka ya dawa, inauzwa hata nusu karatasi. Kidonge mjomba alikimudu. Tarehe ya kurudi ndiyo hakupewa.

Kwa mgonjwa kama yeye huku, vidonge vikikaribia kuisha anaomba vingine kwa simu, daktari anaidhinisha, anavichukua duka la dawa, na kila mwaka anaitwa apimwe presha na damu ya kuangalia figo. England asiye na msamaha hulipa karibu pauni 10 kwa kila dawa. Waliofikisha 60 hawalipi, na Scotland na Wales halipi mtu. Wenye kipato kidogo wanaiona hiyo pauni 10, sitaki kudanganya. Ila jina lao limo kwenye orodha ya mtu fulani, na wakipotea kuna anayeona.

Kuna na jambo la namna ya kupima, ambalo halihitaji fedha. Tangu Oktoba 2021 maduka ya dawa ya England yanawapima presha bure wenye miaka 40 na kuendelea. Nilipokwenda, dada wa dukani alinikalisha kwenye chumba kidogo akaniambia nisiongee. Dakika tano. Mgongo kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, miguu nisiikunje nne, mkono mezani usawa wa kifua. Aliuliza kama nimekunywa kahawa katika nusu saa iliyopita, na kama nabanwa na haja ndogo. Akafunga mkanda juu ya ngozi, akapima, akasubiri, akarudia. Mtu akikutwa na 140/90 au zaidi, huvalishwa mashine ya saa 24 aende nayo kazini na kulala nayo, kwa sababu wapo ambao presha hupanda kwa kumwona tu mpimaji.

Nyumbani nimeona mtu ameshuka kwenye daladala anahema, anakaa ukingoni mwa benchi, mkanda unafungwa juu ya mkono wa shati, na nesi huku anapima anamuuliza anakaa mtaa gani. Nesi ana foleni mpaka getini, namwelewa. Lakini namba inayopatikana hivyo inaweza kumpa mtu dawa asiyoihitaji. Ndugu msomaji, ukienda kupimwa, omba kukaa kwanza. Vua koti. Nyamaza.

Barua za England nazo zina upungufu wake: hazina jirani. Wanaopiga zamu za usiku kwenye nyumba za wazee wanaamka jioni, wanazikuta mlangoni na kuzipita. Kwenye jamii yetu hapa yupo mama mmoja wa Unguja ambaye katika kila hitma na kila shughuli humkamata mtu aliyefika 50 na kumuuliza, "Kichupa umepeleka?" Anauliza mbele za watu, huku anapakua pilau. Wameshapeleka wengi kwa kumwogopa yeye.

Nguvu hiyo nyumbani tunayo tele. Mwaka 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima VVU hadharani, kampeni ya kitaifa ikaanza, na maelfu kwa maelfu ya watu wasioumwa wakajitokeza. Mwanamume anayemsindikiza mkewe kliniki hupimwa VVU pamoja naye, na sehemu nyingi huhudumiwa mwanzo kama motisha. Mashine ya presha iko pale pale mezani, imetoka kwenye mkono wa mkewe sasa hivi. Ifungwe na kwenye mkono wa baba, namba iandikwe, na tarehe ya kurudi. Mama aliyeleta mtoto chanjo, kama yuko kati ya miaka 30 na 50, aulizwe kama amepimwa mlango wa kizazi. Kipimo cha siki ni cha dakika chache, majibu anayapata hapo hapo, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania.

Nasi tulio mbali, tunaotuma mashine za presha kwa wazee: chukua ya kufunga juu ya kiwiko, achana na ya kifundo cha mkono. Muulize kwanza unene wa mkono wake, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko presha yenyewe. Tuma na betri za akiba. Kisha andika kwenye simu yako siku ambayo vidonge vyake vitaisha, umpigie wiki moja kabla.