Mzigo wa Mtoto wa Kwanza

Wazazi wenzetu, mgeni akija nyumbani baada ya kupotea mwaka mzima, neno lake la kwanza hulitoa kwa mshangao: "Lo! Mtoto huyu amekua namna hii?" Nasi tunaolala naye chini ya bati moja, na kula naye sahani moja, tunageuka kumtazama kana kwamba ndiyo kwanza tumeletewa habari zake. Mtoto hukua mbele ya macho yetu, na kwa sababu hiyo hasa hatumwoni akikua. Leo twapenda kuwasimulieni jinsi sisi, baba na mama, tulivyokaribia kumwangusha binti yetu wa kwanza. Hatukumchukia, wala hatukumnyima chakula. Tulimtegemea mno, huku tukimsifu.

Sisi ni watu wa Bukavu. Nyumba yetu imeshikilia mteremko wa Kadutu, mahali ambapo kuta za jirani hugusana, na njia ya kupita katikati humtosha mtu mmoja tu. Mmoja wetu ni seremala; mwenzake huuza sambaza. Wajuao Ziwa Kivu wanajua kwamba samaki hao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mitumbwi hurudi pwani alfajiri. Atakaye kununua kwa bei nzuri hana budi kuwapo pale kabla ya jua kutoka. Basi kila siku, watoto wetu walipoamka, mama yao alikuwa amekwisha kuondoka.

Tuna watoto watano. Wa kwanza ni binti, aliyezaliwa mwaka 2011. Wa pili ni mvulana, amwachaye dada yake miaka miwili. Watatu wa mwisho walikuwa wadogo bado wakati wa habari hizi. Jirani hawatuiti kwa majina yetu. Hutuita baba na mama wa binti huyo, kwa jina lake. Ndiye aliyetufanya wazazi, na jina hilo tulilichukua kwa furaha. Hatukufikiri kwamba yeye naye amechukua kitu kwetu.

Hatukumbuki siku tuliyomwamuru kuwa mama wa pili. Kazi zilimjia mojamoja, kama matone yajazayo mtungi. Alipokuwa na miaka saba, alimbeba mdogo wake mgongoni kwa kitambo kidogo. Alipofika miaka tisa, alisonga bugali, nasi tukacheka kwa furaha kuona mikono midogo ikishindana na mwiko. Alipotimiza kumi na mmoja, nyumba nzima ilisimama juu yake. Mbele ya wageni tulisema: "Huyu ndiye mkono wetu wa kuume." Naye aliinamisha kichwa na kutabasamu. Sasa twajua kwamba sifa zile zilikuwa mshahara wake, na kwamba tulizitoa kwa wingi kwa sababu hazikutugharimu franka hata moja.

Mwezi wa Machi 2023, binti alikuwa darasa la sita, akijiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Siku moja mwalimu wake alituita. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wengi sana darasani mwake. Akatuambia: "Binti yenu ana akili, lakini analala. Nimemweka benchi la mbele, analala. Nimemsimamisha, amelala akiwa amesimama."

Tulirudi nyumbani kwa hasira na aibu. Tulimwita mbele yetu, tukamkaripia mpaka jirani wakasikia. Tulimwita mvivu, sisi tuliomwita jana mkono wetu wa kuume. Tukamkumbusha kwamba zamani tulihangaika kutafuta minervali, na kwamba katika nyumba nyingi feza ilipokuwa chache, mvulana alipelekwa shuleni na msichana akabaki jikoni. Katiba ya mwaka 2006 ilikwisha kutamka kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na bila malipo, lakini neno hilo lilianza kutimizwa mwezi wa Septemba 2019 tu. "Mlango umefunguliwa bure," tulisema, "nawe walala mlangoni!"

Binti hakujitetea. Alisimama, mikono nyuma, machozi hayakumtoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Baba, mama, mnisamehe. Nitajaribu kulala upesi."

Kulala upesi! Kwanza hatukulielewa neno hilo. Watoto walipokwisha kulala, tulibaki tumeketi kando ya taa, kila mmoja akingoja mwenzake aulize. Mwishowe tulichukua kipande cha karatasi ambacho seremala hupimia mbao zake, tukaandika saa za binti yetu, moja baada ya nyingine.

Katika mtaa wetu maji ya bomba huja usiku. Saa tisa za usiku binti aliamka, akashuka na bidoni kupanga mstari. Mpaka saa kumi na moja alikuwa amepandisha bidoni nne. Kisha aliwasha mbabula, akapika uji, akaogesha wadogo na kuwavika. Saa moja na nusu kengele ya shule. Saa saba alirudi, akampokea mdogo wa mwisho kutoka kwa nyanya yake. Akafua, akatwanga sombe, akapika, akaosha sahani. Saa tatu za usiku ndipo alipofungua daftari. Saa nne na nusu alilala. Tukahesabu kwa vidole kama watoto wa darasa la kwanza: kutoka saa nne na nusu mpaka saa tisa, binti yetu alikuwa na saa nne na nusu za usingizi. Tukahesabu na za mdogo wake wa kiume, aliyelala saa tatu na kuamka saa kumi na mbili. Zilikuwa saa tisa. Maradufu kamili, chini ya bati lile lile.

Seremala hupenda vipimo, basi tuliendelea kupima. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu chombo chenyewe. Bidoni nne ni kilo 80, zikipandishwa mteremko gizani na mtoto ambaye mwenyewe hakufika kilo 35. Minervali ilikuwa imeondolewa kweli. Lakini binti yetu alikuwa akilipa kwa usingizi wake, na waliompokea malipo hayo tulikuwa sisi.

Kesho yake tuliwaita watoto wote pamoja na nyanya yao, tukatangaza kwamba kazi zitagawanywa upya. Mvulana atachota maji kwa zamu pamoja na baba yake. Binti hataamka tena saa tisa. Jioni, kutoka saa kumi na mbili mpaka saa mbili, hatatumwa mahali popote.

Nyanya alikuwa wa kwanza kukataa. "Wanangu," alisema, "mnataka kuwachekesha watu? Tangu lini mvulana akasimama mstarini pamoja na wasichana? Mimi nilitolewa shuleni darasa la pili ili nilee wadogo zangu. Je, nilikufa?" Tulinyamaza, kwa maana mzee hajibiwi kwa haraka, tena alikuwa amesema kweli. Hakufa. Lakini kila barua iliyofika nyumbani kwake, katika miaka yake yote, ilimlazimu kutafuta mtu wa kumsomea. Hatukumtajia jambo hilo. Yeye mwenyewe alilijua kuliko sisi.

Msidhani kwamba mambo yalinyooka siku ile. Usiku wa kwanza mvulana aliteleza, bidoni ikapasuka, naye akalia kwa hasira kuliko maumivu. Baba alipoonekana mstarini saa tisa za usiku, peke yake kati ya wasichana na wanawake, kicheko kilitangulia maji kufika. Watu waliuliza kama mama wa nyumba amekufa au amekimbia. Mwezi wa Mei mama aliugua homa ya malaria, na mara ile ile, bila mtu kusema neno, kazi zote zilirudi juu ya mabega ya binti. Tuligundua baada ya siku nne. Mazoea ni kama maji, hushuka yenyewe mahali pa chini. Asiyesimama kuyazuia kila siku, atayakuta yamerudi.

Hata hivyo tuliona mambo mawili yaliyotupa moyo. La kwanza, jioni moja tulimkuta nyanya ameketi karibu na binti aliyekuwa akisoma, amempakata mdogo wa mwisho na kumziba mdomo kwa mkono taratibu ili asimsumbue dada yake. Hakutueleza neno, nasi hatukumwuliza. La pili, mvulana alianza kusema "maji yangu". Akiona mtu anamwaga hovyo, alifoka kama tajiri aliyeguswa feza yake. Ndipo tulipofahamu kwamba hatukuwa tumemwonea binti peke yake. Hata mvulana tulikuwa tumemnyima kitu: kujua thamani ya maji anayokunywa.

Lilibaki jambo moja gumu kuliko bidoni. Tulikuwa tumemwita mtoto mvivu, naye hakuwa mvivu. Katika malezi yetu sisi, mzazi haombi msamaha kwa mtoto. Humnunulia kitu kidogo, na maneno hupita. Tulifikiri kumnunulia viatu. Lakini viatu havisemi. Basi tulimketisha, tukamwambia: "Tulikukosea. Neno lile tulilokuita halikuwa lako." Alilia siku ile, yeye ambaye hakulia alipokaripiwa.

Alipita mtihani wake. Hakuwa wa kwanza, wala hatukufanya karamu kubwa. Alivuka, na hilo lilitutosha.

Siku hizi amekuwa msichana mkubwa, tena asema. Akiona jambo si la haki, halimezi. Mara nyingine maneno yake hutuchoma, na mmoja wetu hunung'unika kwamba yule mtoto mnyamavu alikuwa rahisi zaidi. Ni kweli, alikuwa rahisi. Lakini mwezi wa Februari 2025, mapigano yalipofika Bukavu na watu wakajifungia nyumbani, maji yetu yalipungua mpaka yakapimwa kwa kikombe. Sisi wazazi tulikuwa na hofu, na mawazo yetu yalitawanyika. Yeye ndiye aliyetukusanya. Akagawa zamu: nani alinde maji, nani apike, nani awatulize wadogo, nani apumzike. Alitupa na sisi wazazi kazi zetu, nasi tukatii. Tulipoitazama ile zamu, tuliona kwamba naye alijiwekea fungu lake, sawa na la wengine, si kubwa wala si dogo. Usiku alilala kama wengine walivyolala.

Wazazi wenzetu, katika nyumba nyingi yumo mtoto ambaye hatumsikii, kwa sababu kila kitu tunachokihitaji kimekwisha kufanywa. Twasema, "Huyu hana shida." Usiku wa leo, watoto wakiisha kulala, twaeni kipande cha karatasi mwandike saa zake, moja baada ya nyingine. Sisi karatasi yetu tumeitunza ndani ya sanduku la vyombo vya useremala, pamoja na kamba ya kupimia. Huitoa mara kwa mara na kuisoma, hasa siku tunapojisikia kusema kwamba tuna mtoto mwema.