Baa na Paa

Nilipokuwa nikifundisha fonolojia, jozi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa baa na paa. Kinachoyatenga maneno hayo ni mghuno tu: /b/ ni ghuna, /p/ si ghuna. Baada ya kustaafu niliikuta jozi hiyo imesimama kwa matofali mjini Asheville, jimbo la North Carolina, nchini Marekani.

Mwanangu aishiye huko alinilipia ziara ya baa zilizo juu ya mapaa. Kiongozi alitupandisha jengo baada ya jengo. Wenzangu wakionja vileo, nami nikinywa maji ya tangawizi. Milima ya Blue Ridge ilituzunguka, samawati nyuma ya samawati. Karibu nasi lilisimama jumba la manispaa la mwaka 1928, paa lake likiwa na vigae vya rangi.

Nilimuuliza kiongozi sababu ya majengo mengi ya zamani kusalia. Alieleza kwamba mwezi Novemba 1930 benki zilianguka, mji ukaelemewa na madeni. Dawa ya deni ni kulipa, nao walilipa hadi mwaka 1976. Miji mingine ilipobomoa na kujenga upya, Asheville haikuwa na fedha za kubomolea.

Basi baa, kwa maana ya janga, ndilo lililoyahifadhi mapaa ambayo leo yamebeba baa za kuburudikia. Washairi wenzangu, kamusi huyaorodhesha maneno hayo mawili ya baa kama homonimu, yasiyohusiana kimaana. Pale juu niliyaona yakihusiana.